Kadi za Besiboli za Miaka ya Uzalishaji wa Kupita Kiasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale waliokuwa watoto nchini Marekani katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, ambao leo ni watu wazima wenye familia na bado wana maboksi yao ya kadi hizi zenye picha za wachezaji wa besiboli, zilizouzwa madukani kwa pakiti. Wa pili ni wale waliohamia huko baadaye, wakiwamo wasomaji wengi wa Kiswahili, ambao wamekuta maboksi hayo kwenye mauzo ya uani au katika chumba cha chini cha nyumba waliyopanga na wangependa kujua wamekuta nini. Anayejibu hapa anazipenda kadi hizi na hazifanyii biashara.

Miaka ya uzalishaji wa kupita kiasi ni ipi hasa?

Wakusanyaji wengi huihesabu kuanzia 1987 hadi 1993. Wapo wanaoianza 1986, na wapo wanaoifikisha 1994, mwaka ambao wachezaji wa Ligi Kuu ya Marekani waligoma tarehe 12 Agosti na mashindano ya mwisho ya msimu, World Series, yakafutwa. Kampuni hazikutangaza zilichapisha kadi ngapi, na ndiyo maana mtu anayekutajia idadi kamili ya nakala za kadi ya kawaida ya 1988 anapaswa kuulizwa ameipata wapi. Kilicho wazi ni kwamba hadi leo, zaidi ya miaka thelathini baadaye, maboksi ya miaka hiyo ambayo hayajafunguliwa bado yanauzwa kila mahali, na wingi huo ni ushahidi tosha.

Kwa nini zilichapishwa nyingi kiasi hicho?

Kuna sababu mbili zilizokutana, na ni vizuri kuzieleza kwa kirefu kwa sababu kila jambo lingine katika ukurasa huu linatokana nazo.

Ya kwanza ni ya kisheria. Tangu 1956, ilipomnunua mshindani wake Bowman, kampuni ya Topps ilikuwa karibu peke yake katika soko la kadi za besiboli. Fleer iliishtaki, na mwaka 1980 mahakama ya shirikisho huko Philadelphia ikaamua kwamba ukiritimba huo haukuwa halali. Mwaka 1981 kadi za Fleer na Donruss zikaingia madukani sambamba na za Topps. Mwaka huohuo mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi ule, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa: haki ya Topps ilihusu kadi zinazouzwa pamoja na chingamu, kwa hiyo Fleer ikaweka stika ndani ya pakiti zake, na Donruss ikaweka vipande vya picha ya kuunganisha. Score ilijiunga mwaka 1988, Upper Deck mwaka 1989, na mwaka huohuo wa 1989 Topps yenyewe ikalifufua jina la Bowman.

Sababu ya pili ni fedha. Watoto wa Marekani wa miaka ya 1950 walizichezea kadi zao, wakazibana kwenye spoki za baiskeli ili zilie, na walipokwenda chuoni mama zao wakazitupa. Sy Berger wa Topps mwenyewe alisimulia jinsi, mwaka 1960, kadi za 1952 zilizokosa wanunuzi zilivyopakiwa kwenye mashua na kumwagwa katika Bahari ya Atlantiki. Watoto hao walipokuwa watu wazima wenye mishahara, walitaka kuzirudisha zile kadi, wakakuta zimeadimika, na bei zikapanda. Magazeti yakaandika habari za kadi iliyouzwa kwa bei ya gari. Tangu hapo, mzazi aliyemnunulia mtoto wake pakiti alimwambia azitunze kwa sababu zingemlipia ada ya chuo. Kampuni zikaona kwamba chochote zinachochapisha kinanunuliwa, zikaendelea kuchapisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kosa la hesabu lilikuwa moja tu, nalo halikuwa la watoto. Kadi za 1952 zilipanda bei kwa sababu karibu kila mtu alizitupa. Kadi za 1988 hakuna aliyezitupa.

Bei zilijulikanaje kabla ya intaneti?

Kwa sehemu kubwa zilijulikana kupitia jarida la kila mwezi lililoanzishwa mwaka 1984 na James Beckett, mtaalamu wa takwimu wa Dallas, Texas. Kila kadi ilikuwa na bei mbili, ya juu na ya chini, na pembeni palikuwa na mshale ulioonyesha kama imepanda au imeshuka tangu mwezi uliotangulia. Mtoto wa miaka kumi na mmoja aliweza kukutajia bila kusita kadi ya Don Mattingly ya Donruss ya mwaka 1984 ilikuwa dola ngapi mwezi huo. Ubaya ni kwamba bei ya jaridani haikuwa bei ya kupewa mkononi. Aliyepeleka kadi dukani aligundua kwamba mwenye duka alilifuata jarida alipouza, na aliponunua alitoa nusu ya bei hiyo au chini yake.

Pakiti yenyewe ilikuwaje?

Tuchukue Topps ya 1987, kwa sababu ndiyo ambayo watu wengi huikumbuka kwanza. Ilifungwa kwa karatasi ya nta iliyokunjwa nyuma na kubanwa kwa joto, si kwa gundi, hivi kwamba ukiingiza ukucha chini ya mkunjo iliachia kwa sauti ndogo kavu. Ndani mlikuwa na kadi 17 na kipande bapa cha chingamu ya rangi ya waridi, kigumu kama kigae, kilichofunikwa unga mweupe na kuvunjika vipande mara tu kilipotiwa mdomoni. Bei yake ilikuwa senti 40.

Kadi za mwaka ule zilikuwa na fremu iliyochorwa kama ubao wa mti. Jina la mchezaji liliandikwa chini katika kisanduku cha rangi, na nembo ya timu ilikaa kwenye kona ya juu kushoto. Nyuma, kwenye karatasi ngumu ya kijivu iliyochapwa kwa bluu na njano, zilipangwa takwimu zake zote, mwaka kwa mwaka na timu kwa timu. Mchezaji mkongwe alikuwa na herufi ndogo mno kwa sababu miaka yake ilikuwa mingi. Chipukizi alikuwa na mistari miwili tu, na nafasi iliyobaki ikajazwa habari fupi za maisha yake. Seti nzima ilikuwa na kadi 792, na watoto waliweka tiki kwa kalamu kwenye kadi ya orodha, iliyotaja kadi za seti kwa namba zao, kila walipopata namba mpya. Leo kadi ya orodha yenye tiki huhesabiwa kuwa imeharibika. Kwangu mimi hiyo ndiyo kadi yenye habari nyingi kuliko zote zilizomo ndani ya boksi.

Kadi iliyogusana na chingamu ilibaki na doa, na ile iliyokuwa upande wa mkunjo ilipata alama ya nta. Nta juu ya uso wa kadi huondoka ikisuguliwa taratibu kwa soksi laini ya nailoni. Doa la chingamu nyuma ya kadi haliondoki.

Kwa nini kadi ya Ken Griffey Jr. huzungumzwa kuliko zote?

Kwa sababu kampuni iliyoitoa na mchezaji mwenyewe vilifika pamoja. Upper Deck ilianza mwaka 1989 ikiwa na kadi nyeupe, nzito na zenye picha safi mbele na nyuma, zilizofungwa kwa karatasi ya jaribosi ili pakiti isiweze kufunguliwa na kufungwa tena, na zilizobandikwa hologramu ndogo nyuma ili kuwazuia waghushi. Pakiti iliuzwa kwa karibu dola moja, zaidi ya mara mbili ya bei iliyozoeleka, na wengi walidhani hakuna mtoto atakayeinunua.

Mfanyakazi kijana wa kampuni hiyo, Tom Geideman, ndiye aliyependekeza kadi namba 1 ya seti apewe Griffey, aliyekuwa bado hajacheza hata mechi moja ya Ligi Kuu. Kwa kuwa haikuwapo picha yake nzuri akiwa na sare za Seattle Mariners, ilitumiwa picha aliyopigwa akiwa na timu ya daraja la chini ya San Bernardino, na kofia ikapakwa rangi upya ikawa ya Mariners. Griffey alianza kucheza Aprili 1989 na akawa kile kilichotarajiwa na zaidi. Alipochaguliwa kuingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli mwaka 2016, alipata asilimia 99.3 ya kura, kiwango ambacho hakuna mchezaji aliyekuwa amekifikia kabla yake.

Kadi hiyo si adimu. Makumi ya maelfu ya nakala zimepelekwa kupimwa ubora, yaani kupewa alama zinazofika 10, na zilizobaki majumbani hazina idadi. Lakini kwa kuwa namba 1 ilikuwa kwenye kona ya shiti la kuchapia, nyingi zilikatwa vibaya au zilipondeka pembe tangu kiwandani, na nakala isiyo na dosari yoyote, iliyopewa alama 10, imeuzwa kwa zaidi ya dola elfu moja. Mapenzi ya watu, hata hivyo, yamo katika ile picha: kijana wa miaka kumi na minane, gongo begani, mkufu shingoni, anacheka.

Ni kweli kuna kadi yenye tusi?

Ni kweli. Kadi namba 616 ya Fleer ya mwaka 1989 inamwonyesha Billy Ripken wa Baltimore Orioles akiwa ameegemeza gongo begani, na kwenye kitako cha gongo hilo yanasomeka wazi maneno mawili ya matusi yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Fleer ilipogundua, ilijaribu kuyafuta kwa njia kadhaa, kwa rangi nyeupe, kwa mkwaruzo na kwa kisanduku cheusi, na kila jaribio likawa toleo jipya la kutafutwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2008, Ripken alikiri kwamba aliyaandika mwenyewe ili alitambue gongo lake la mazoezi. Kwa watoto wa wakati huo ilikuwa habari kubwa kuliko matokeo ya mechi yoyote.

Ni wachezaji gani waliowekewa matumaini ambayo hayakutimia?

Kadi iliyotafutwa kuliko nyingine ilikuwa ile ya mchezaji chipukizi, yaani kadi ya kwanza kutolewa ya mtu aliyetazamiwa kuwa nyota. Mwaka 1988 na 1989 watu walinunua kadi za Gregg Jefferies wa New York Mets kwa mamia, zikiwa zimefungwa katika mafungu kama matofali, kadi moja ileile tupu. Jefferies alikuja kuwa mchezaji mzuri aliyedumu kwa miaka mingi, jambo ambalo si dogo hata kidogo, lakini hakuwa yule aliyeandikwa magazetini. Kisa cha Brien Taylor kinasikitisha zaidi. New York Yankees walimchagua wa kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wa mwaka 1991, kadi yake ikatoka katika seti ya Topps ya 1992, na mwezi Desemba 1993 aliumia bega la mkono wake wa kurushia mpira katika ugomvi nje ya uwanja. Hakucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu. Ninaposoma watu wakimtaja kama mfano wa uwekezaji mbaya, naona hawamtendei haki; kilichopotea pale kilikuwa riziki ya kijana na familia yake, na senti za wenye kadi ni jambo la mwisho.

Je, kashfa ya dawa za kuongeza nguvu imeziathiri kadi hizi?

Imeziathiri sana, hasa kwa upande wa bei. Nyota watatu wa kadi za miaka hiyo, Jose Canseco, Mark McGwire na Barry Bonds, majina yao yaliguswa na kashfa hiyo, na ripoti ya Mitchell ya Desemba 2007, iliyochunguza matumizi ya dawa hizo katika besiboli, ikaiweka hadharani kwa mapana. McGwire alikiri Januari 2010. Bonds, mwenye rekodi ya mipira 762 iliyopigwa nje ya uwanja, hajaingia katika Ukumbi wa Mashujaa. Kadi yake ya Topps ya 1987, yenye kijana mwembamba aliyevaa sare za Pittsburgh Pirates, hupatikana kwa dola chache. Aliyemshabikia utotoni haambiwi achome picha hiyo, na wala hatakiwi kujifanya hajui yaliyotokea; wengi wamejifunza kuishi na yote mawili.

Nina boksi lenye kadi 5,000. Nitapata shilingi ngapi?

Kama ni kadi za kawaida za Topps, Donruss, Fleer na Score za kati ya 1987 na 1993, utapata kidogo sana, na huenda gharama ya kulisafirisha ikazidi bei yake. Maduka mengi ya kadi hayazipokei hata bure kwa sababu hayana pa kuziweka. Ninalisema hili waziwazi kwa kuwa mtandaoni wapo wanaoziuza kadi hizo kwa watu wasiojua, wakiandika kwamba ni adimu na kuweka bei ya maelfu ya dola. Bei iliyoandikwa na muuzaji haina maana yoyote. Angalia bei ambazo kadi kama hizo ziliuzwa kweli, na tovuti kubwa za mnada huzionyesha.

Hakuna hata moja yenye thamani?

Zipo, na inafaa kupekua kabla ya kutoa. Topps ya 1990 ina kadi namba 414 ya Frank Thomas ambayo, kwa hitilafu ya uchapaji, jina lake halikutokea upande wa mbele. Nakala hizo huuzwa kwa maelfu ya dola. Kati ya 1984 na 1991 Topps pia ilitoa seti zilizochapwa kwenye karatasi nyeupe yenye mng'ao, zinazojulikana kama Tiffany, kwa idadi ndogo mno ukilinganisha na za kawaida. Donruss ya mwaka 1991 iliingiza katika baadhi ya pakiti kadi za Elite, ambazo kila moja ina namba yake kati ya 10,000.

Ipo pia ile inayowahusu wasomaji wetu wa Ghuba. Mwaka 1991 Topps iliwapelekea askari wa Marekani waliokuwa Saudi Arabia kadi za seti ya mwaka huo zilizopigwa muhuri wa dhahabu wenye ngao na mnazi wa jangwani, yaani mtende. Nyingi ziliharibikia mchangani au ziliachwa hukohuko, na zilizosalia zina bei nzuri, hasa ya Chipper Jones. Muhuri huo umeghushiwa mno, kwa hiyo usinunue wala usiuze bila kumshirikisha mjuzi.

Kampuni zenyewe ziliishia wapi?

Soko lilipoporomoka na mgomo wa 1994 ukawafukuza mashabiki, maduka mengi ya mitaani yalifungwa. Kampuni iliyokuwa ikitoa Score ilifilisika mwaka 1998, na Fleer ikafunga mwaka 2005. Topps ilibaki, na Januari 2022 ikanunuliwa na Fanatics.

Kama hazina bei, kwa nini watu wazima wanazinunua tena?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko mengine, na jibu langu ni kwamba wingi ule unaolaumiwa ndio ulioacha kumbukumbu ya pamoja. Katika mtaa mmoja wa Ohio au California, mtoto wa daktari na mtoto wa mfagiaji walikuwa na kadi zilezile, kwa sababu senti 40 zilipatikana kwa kurudisha chupa tupu au kumwagilia jirani maua. Walikaa kwenye ngazi za nyumba, kila mmoja na bunda lake, wakipekua haraka kwa kidole gumba na kutamka "ninayo, ninayo, sina." Kadi ya nyota kama Wade Boggs ilibadilishwa kwa tatu za wachezaji wa timu uipendayo. Mabishano hayo yalimfundisha mtoto kugawanya, kukokotoa wastani, na kumwangalia mwenzake usoni kujua kama anaihitaji kadi kweli au anajifanya.

Kadi ghali haiwezi kufanya kazi hiyo. Mwezi Agosti 2022 kadi ya Topps ya Mickey Mantle ya 1952 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6, na sina kinyongo na aliyeinunua, lakini hakuna mtoto atakayeishika kadi ile kwa vidole vyenye unga wa chingamu. Ile ya 1988 unaweza kumpa mwanao aipindepinde.

Kuna jambo jingine ambalo huonekana tu ukiwa na kadi mkononi. Wachezaji wengi waliomo katika seti ya kadi 792 si nyota. Ni warushaji wa akiba na wapigaji waliokaa msimu mmoja, na kwa wengi wao kipande hicho cha karatasi ndicho picha pekee inayowaonyesha wakiwa na sare za Ligi Kuu ambayo bado ipo katika maelfu ya nyumba. Mkusanyaji wa seti nzima analazimika kuwatafuta hao kwa bidii ileile anayomtafutia Griffey.

Nizitunzeje zisiharibike zaidi?

Ondoa raba bendi kwanza, kwa sababu hukata kingo na, ikizeeka, huyeyuka na kunata. Kadi unazozipenda ziweke katika kurasa za plastiki zenye mifuko tisa, lakini usitumie zile za zamani zenye harufu kali ya plastiki, ambazo hushikamana na wino. Nyingine zipange zikiwa zimesimama katika boksi refu la karatasi ngumu, zisibane wala zisilegee. Adui mkubwa ni unyevu, na anayeishi Mombasa, Zanzibar au Muscat anapaswa kuziweka mbali na ukuta wa nje na kutia vifuko vya kunyonya unyevu. Kuzipeleka kupimwa ubora ni gharama ambayo kwa kadi nyingi za miaka hii hairudi.

Chingamu iliyomo katika pakiti ya zamani inalika?

Hapana. Ina zaidi ya miaka thelathini, imepauka, na hugeuka kuwa vumbi chungu. Topps iliiondoa kuanzia seti ya 1992, kutokana na malalamiko ya wakusanyaji kuhusu madoa.

Nataka kuanza leo, nikiwa na fedha kidogo. Nianzie wapi?

Nunua boksi moja la Topps ya 1987 au Donruss ya 1988 ambalo halijafunguliwa. Bei yake kwa kawaida haizidi ya mlo wa familia mgahawani. Usifungue pakiti zote siku moja. Jipangie kukamilisha seti, andika namba unazokosa, kisha watafute wakusanyaji wengine wenye ziada, kwani wengi watakutumia kadi za kawaida kwa gharama ya stempu tu. Ukichagua Donruss ya 1988, usitupe vile vipande vidogo vya picha: vinatakiwa 63 ili uso wa Stan Musial, nyota wa zamani, ukamilike, na kuvipata vyote ni kazi nzito kuliko kuzipata kadi.